Kamba ya Tantine Ndani ya Ziwa

Zawadi ya pili ilikuwa mbuzi. Ninaanza na mbuzi kwa sababu hata leo, ukimuuliza muntu wa kwetu Karuba habari ya ile tombola ya paroisse, bahati nasibu ya parokia yetu, atakuelezea mbuzi kwanza: mweusi, mwenye mimba, na doa jeupe kwenye paji la uso, sawa vile alipakwa unga. Zawadi ya tatu ilikuwa kitenge. Zawadi ya kwanza ilikuwa karatasi.

Ile karatasi ilisema kwamba mwenye kuishinda, pamoja na mwenzake mumoja, watapumzika siku chache katika hoteli iliyo kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Kivu, mbele ya muchanga na maji. Watalala na kula bure, tena watafundishwa kuzama chini ya ziwa na chupa ya hewa mugongoni. Mwenye hoteli alikuwa anapitaka kwetu kununua fromage, jibini ya ng'ombe zetu. Alisikia paroisse inatafuta mabati ya kanisa, akatoa kile alichokuwa nacho. Watu walimushukuru kwa adabu, kisha wakageuka tena kumutazama mbuzi.

Namba yangu ilipoitwa, kanisa lilinyamaza. Papa mumoja, muzee anayepiga ngoma ya kwaya, aliyekuwa amekaa karibu yangu, alinishika bega na kuniambia pole, Mungu anajua. Halafu yeye njo akapata mbuzi, na hapo vigelegele vilipigwa mpaka mbuzi mwenyewe akaogopa na kukojoa mbele ya altare. Tulipotoka inje, bamama walipita mumoja mumoja kunifariji. Mumoja alisema hata yeye aliwahi kupata bahati mbaya namna ile, akiwa kijana, na maisha yaliendelea.

Mimi nilikuwa ninainamisha kichwa ili wasione meno yangu. Nilikuwa na furaha.

Inafaa nieleze. Mulima wetu uko juu sana, na asubuhi ukungu ukiondoka unaweza kuona ziwa kule mbali chini, dogo, linang'aa sawa kipande cha bati ambacho muntu alisahau shambani. Tangu utoto nilikuwa ninakiangalia kile kipande na kujiuliza chini yake kuko nini. Mwalimu wa kidato cha pili, mwaka wangu wa mwisho wa masomo, alinijibu kuwa chini ya maji kuko udongo. Sikumuamini. Udongo ninaujua, ninaulima kila siku. Kitu chenye kung'aa vile kwa juu hakiwezi kuwa na udongo tu kwa chini.

Kwa hiyo tangu siku ya tombola nilianza mazoezi. Kazi yangu ilikuwa kwenye nyumba ya fromage, kuzigeuza juu ya mbao kila asubuhi zisikauke upande mumoja, na nyuma ya ile nyumba kuko birika la kunyweshea ng'ombe. Nilikata kikonyo cha jani la boga, kile chenye tundu ndani ambacho watoto wanapiga kama filimbi, nikakiweka mudomoni, nikaingiza kichwa chote ndani ya maji na kufungua macho. Nilichoona cha kwanza kilikuwa ulimi wa ng'ombe. Mukubwa, wa kijivu, unakuja. Nilipotoa kichwa, Baba alikuwa amesimama pale na ndoo ya maziwa. Alituangalia, mimi na ng'ombe, kisha akapita bila kuuliza kitu. Baba ni muntu ambaye akiona jambo kubwa, anampelekea Mama.

Mama aliitisha kikao cha jamaa jikoni. Jambo la kwanza: musichana hawezi kwenda hotelini peke yake. Jambo la pili: Mama mwenyewe hawezi kuniongoza, maharagi yalikuwa yamekauka shambani na mvua ilikuwa inanukia. Wakatajwa dada, wakatajwa binamu, kila mumoja akionyesha hamu ambayo Mama hakuipenda. Mwishowe akamuchagua dada mukubwa wa Baba, mujane anayekaa nyumba ya pili kutoka kwetu, ambaye sisi wote tunamuitaka Tantine. Watu wakacheka. Tantine anaogopa maji kuliko muntu yeyote wa mulima ule. Akivuka kamutaro, anashika muti. Mvua ikinyesha sana, anapandisha miguu kitandani.

Mama alisema ni kwa ile sababu anamutaka yeye. Muntu anayependa maji atasahau mutoto ndani yake. Anayeyaogopa hatapepesa jicho.

Tantine alisikiliza akiwa anachambua maharagi. Hakusema hapana. Aliuliza tu kama kule kisiwani kuko kuni.

Siku ya safari Mama alimushika mikono yote miwili na kumwambia neno moja, akilikazia mbele yetu sote:

"Unirudishie yeye mukavu."

"Nimesikia," Tantine akasema. "Mukavu."

Tukashuka na moto, pikipiki moja, mpaka Sake, dereva, mimi, Tantine, na mizigo ya Tantine, ambayo ni vizuri niielezee. Kwetu hauendi kulala kwa muntu mikono mitupu. Mimi nilijaribu kumwambia kuwa hoteli si kwa muntu. Akaniuliza kama pale hakuna anayelala, nikasema wako. Akaniuliza kama hakuna anayepika, nikasema wako. Akasema basi ni kwa muntu. Alibeba mufuko wa maharagi, fromage moja nzima, na kuku mwekundu aliye hai. Vyote vilikuwa mugongoni kwake, vimeshikwa na kamba yake ya kubebea, ile ya mukanda mupana unaopita kwenye paji la uso. Kamba ile anayo tangu zamani. Ameisuka mwenyewe, ameirudia kuisuka pale ilipokatika, na haiachi nyumbani hata akienda misa.

Barabara ile wiki ilikuwa imetulia, tukapata gari mpaka Minova bila shida. Shida ilikuwa mutumbwi wa mota. Tantine alivaa gile mbili, zile jaketi za kuelea, moja mbele, moja nyuma, akafunga macho, akakumbatia kuku, na akaimba nyimbo za kanisa kuanzia ya kwanza kwenye kitabu. Tulifika yeye akiwa kwenye zile za Kwaresima. Watu wa mutumbwi walikuwa wameanza kuitikia.

Hoteli ilikuwa nzuri mpaka ninaona haya kuieleza. Nyumba ndogo za majani zilikuwa zimepangwa karibu na maji, na mbele yake kuko muchanga mweupe ambao, walituambia, uliletwa na mashua kutoka mbali, maana kisiwa chenyewe ni mawe meusi. Tantine aliinama, akauchota, akausugua kwa vidole, akasema hauwezi kuotesha hata kiazi. Mama wa mapokezi alipokea kuku kwa mikono miwili, bila kucheka, na kwa ajili ya ile ninamuombea mpaka leo.

Halafu Tantine akawaona wagonjwa.

Walikuwa wamelala juu ya vitanda virefu kwenye muchanga, wanaume na wanawake, nusu uchi, macho yamefungwa, jua la saa nane linawapiga. Kwetu muntu anayelala inje mchana namna ile ni mugonjwa ao ni mulevi, na walevi hawapangwi kwa mustari. Nilimueleza Tantine kuwa ni watu wa Goma na Bukavu, wamekuja vakansi, wanapumzika. Akauliza wanapumzika kutokana na nini. Na kwetu pia hauwezi kumupita mugonjwa bila kumusalimia. Kwa hiyo alitoa kitambaa, akajifunika mabega, na akaanza kitanda cha kwanza.

Nilimufuata nikiwa nimefunika uso. Kwa kila mumoja aliinama, akageuza macho upande ili asiangalie mapaja ya watu, akasema pole, imeanza lini? Dada mumoja mwenye miwani nyeusi alimujibu kuwa imeanza juzi na ataondoka Jumapili. Tantine akanong'ona kwangu kuwa huyu anajua siku yake, Mungu amemuonyesha. Kwenye kitanda cha mwisho alikuwa papa mumoja munene, mwenye tumbo la heshima na kaptura ndogo ya maua. Tantine aliweka mukono juu ya kichwa chake na kumuombea, maombi marefu ya kwetu, ambayo yanaanza na mababu na kushuka polepole. Nilingoja yule papa aruke. Hakuruka. Maombi yalipoisha alisema amina, na kwa sauti ya chini akamuuliza Tantine kama anaweza kuongeza kidogo kwa ajili ya figo.

Jioni ile Tantine alisema hoteli iko na watu wazuri, ila wameteseka.

Moniteur, mwalimu wa kuzamisha watu, alikuwa kijana wa Bukavu, mufupi, mwenye kifua cha mulango, aliyejifunza kazi yake baharini. Asubuhi alituonyesha vyombo: chupa ya chuma, kioo cha macho, viatu vipana sawa miguu ya bata, na nguo nyeusi ya mupira. Kunivalisha ile nguo kulimushinda yeye na mimi. Tantine, ambaye alikuja tu kuangalia, hakuvumilia. Ameisha kuzalisha ng'ombe wengi. Alinilaza chini, akaweka muguu wake kwenye gati, akashika mupira akavuta mara moja kwa pumzi, na nikaingia. Moniteur alimuangalia kwa heshima.

Lakini nilipoelekea majini, Tantine alisimama katikati yangu na ziwa.

"Umeiona," akaniambia. "Iko mbele yako. Inatosha."

Moniteur akamueleza taratibu kuwa hatutaenda mbali, ni pale pembeni ya gati, kina chake si kitu, na yeye atanishika mukono. Tantine akamukalisha kwenye jiwe kwa maswali mawili.

"Mutoto wangu, umeisha kushusha bantu bangapi?"

"Bengi sana, Mama."

"Na ni bangapi balirudia?"

"Bote, Mama."

Tantine akafikiri. "Mimi nina namba ingine," akasema. "Nilipewa mumoja. Nirudishe mumoja. Mukavu."

Siku ile sikuzama. Nilivua nguo ya mupira, jambo lililochukua muda mrefu kuliko kuivaa, nikakaa kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya majani na kununa. Mimi si muntu wa kununa, sijui vizuri namna inavyofanywa, na kila ndege wa maji akipita nilikuwa ninasahau na kutabasamu, kisha nikumbuke tena. Nilikuwa ninafikiria kijiji. Nilikuwa nimeshaambia kila muntu, mpaka watu wa soko la Kingi, kuwa nitawaletea habari za chini. Papa wa mbuzi alikuwa amecheka, akasema mimi nitamuletea maji ndani ya chupa na yeye atanionyesha maziwa. Lakini zaidi ya kijiji nilikuwa ninafikiria kile kipande cha bati. Sasa nilikuwa nimekaa juu yake kabisa, na nilikuwa sijui chini yake kuko nini, sawa vile zamani.

Tantine alikuja kukaa karibu yangu. Alikuwa na kamba yake mapajani, anaichezea.

Alianza bila kuniangalia. Alisema mimi nilikuwa mudogo, wa kubebwa mugongoni, ile mara tulikimbia vita, tukaacha mulima na kuelekea upande wa Walikale. Habari ile ninaijua nusu. Ninajua tulifika Buleusa, ninajua familia moja ya pale ilitupa chumba na shamba, ninajua hata kutembea nilijifunzia kule, kwa hiyo mimi ni muntu wa milima aliyejifunza kutembea porini. Habari ya muto sikuwa ninaijua. Walifika kwenye muto umejaa, daraja limeenda. Mama alikuwa amebeba dada yangu. Mimi nilikuwa kwa Tantine.

"Kitenge kilikuwa kimelowa, kinateleza," akasema. "Nikakufunga na hii kamba. Maji ikafika hapa." Alionyesha kidevu. "Ulikuwa unalia kwa nguvu, na miye nilikuwa ninafurahi, maana ukilia ninajua uko. Katikati ya muto ukanyamaza. Siwezi kugeuka, siwezi kukuona. Nikavuta kamba."

"Halafu?"

"Ukalia tena. Nikatembea kidogo, ukanyamaza. Nikavuta, ukalia. Njo tulivuka vile."

Nilishindwa kununa. Nililala kwenye bega lake, na nikamwambia sitaki tena kuzama, tutakaa tu kwenye muchanga na wagonjwa. Nilisema kweli, ingawa nilisema nikiwa ninalia, na machozi hayakuwa yote ya muto. Tantine anajua kuchambua maharagi na anajua kuchambua machozi.

Asubuhi iliyofuata niliamka yeye hayuko. Nilimukuta kwenye gati. Alikuwa ameomba hoteli kamba yao ndefu ya kufungia mashua, akaiunga na ya kwake. Ya kwake njo ilikuwa upande wa muntu, ila mukanda wake alikuwa ameufungua akaufunga upande wa kushika. Moniteur alikuwa amesimama karibu, anakuna kichwa.

"Atashuka," Tantine akamwambia, "lakini miye nitamushika."

Nilifikiri moniteur atacheka. Alicheka kweli, kidogo. Kisha akasema kuwa hata wale wa kazi ya kuzama, wakiingia penye giza, wanafungwaka kamba na mwenzao anaishika kwa juu, na kuko lugha yake: ukivutwa mara moja unaulizwa kama uko salama, na wewe unajibu kwa kuvuta mara moja. Mara mbili ni kupanda juu. Tantine akasikiliza kwa makini, kisha akasema lugha ile anaijua.

Alinifunga kiunoni fundo la mbuzi, lile ambalo halikazi hata mbuzi akivuta. Moniteur akanikumbusha jambo kubwa la mwisho, kwamba chini ya maji ninaweza kusahau vyote lakini nisisahau kupumua, nisishikilie pumzi hata kidogo. Nikaweka mupira wa kupumulia mudomoni. Ulikuwa muzuri kuliko kikonyo cha boga.

Tukashuka.

Kwanza ni kelele. Hakuna aliyeniambia kuwa chini ya maji pumzi yako inapiga kelele sawa ng'ombe anayekunywa. Kisha nikafungua macho vizuri, na nikaona kuwa mwalimu alinidanganya. Kulikuwa na mawe meusi, makubwa, yameviringana kama yale ya njia ya Goma, lakini juu yake mwanga wa jua ulikuwa unatembea, unachora, unafuta, unachora tena. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, walipita juu ya kichwa changu, kundi zima, wakageuka wote mara moja, na nikakumbuka kuwa sambaza mimi ninawajua wakiwa wakavu, kwenye kikapu cha soko, na sikuwahi kufikiria kuwa walikuwa na mahali wanaenda.

Kamba ikavutwa mara moja. Nikajibu. Nilimuwaza Tantine kule juu, na nikacheka, maji yakaingia puani.

Moniteur akanionyesha kwa kidole. Katikati ya mawe mawili kulikuwa sufuria. Sufuria ya kawaida, ya alumini, imepinda mukono mumoja, pengine ilianguka kutoka kwenye mutumbwi wa muntu aliyekuwa anahama. Ndani yake kulikuwa samaki mudogo, wa rangi ya njano kidogo, amekaa kabisa mulangoni kama mwenye nyumba. Nikasogea. Akarudi ndani. Nikabaki kimya. Akatoka tena, akaniangalia kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Nikamupungia mukono. Sijui niliwaza nini, niliona tu kuwa nimefika kwa muntu na sikubeba kitu.

Na kwa kweli nilisahau. Kamba ilivutwa, nikaisikia kwa mbali kama muntu anayeitwa akiwa usingizini. Ilivutwa tena. Samaki alikuwa anatoa jiwe dogo mulangoni kwake, anafagia.

Yaliyotokea juu nilielezwa baadaye na wengi, na kila mumoja anaongeza. Tantine alivuta mara moja, kimya. Akavuta mara ya pili, kimya. Hapo akaweka mukanda wa kamba kwenye paji la uso, akageuza mugongo kwa ziwa, na akaanza kutembea kuelekea mulimani, sawa anavyopandisha kuni. Kamba ilikuwa ndefu na mimi na chupa yangu na moniteur aliyenishika mukono tulikuwa muzigo wa kweli. Akaita watu. Na wagonjwa wote wakapona. Dada wa miwani alikuja mbio. Papa munene mwenye kaptura ya maua aliruka kutoka kitandani, akashika kamba nyuma ya Tantine, akapiga kelele ya kuhesabu, na wengine wakashika nyuma yake.

Mimi nilijikuta ninaondoka. Samaki alikuwa anakuwa mudogo, sufuria inakuwa ndogo, na mimi ninarudi kinyumanyuma, miguu ya bata imeangalia juu. Moniteur alikuwa amenikumbatia, akipiga miguu kupunguza mbio na kunionyesha mudomo wake: pumua, pumua. Nilipumua. Nilitokea pale maji yanagusa muchanga, mugongo mbele, na kundi la watu wa vakansi likaanguka chini lote pamoja.

Tantine alifika kabla sijaondoa kioo. Alikiondoa yeye. Alinishika mashavu, akaniangalia jicho moja, kisha lingine, sawa kabisa na yule samaki. Alama ya mukanda ilikuwa nyekundu kwenye paji lake.

"Nilikuvuta," akasema. "Nilikuvuta na haukujibu."

Nilimwambia samahani, Tantine, nilikuwa ninamuangalia samaki. Nikamueleza yote pale pale, nimeketi majini, watu wote wanasikiliza: mawe, mwanga, sambaza, na yule mudogo aliyefanya nyumba ndani ya sufuria ya muntu, na anavyofagia mulango.

Tantine alikaa chini. Alikaa majini, kitenge chake chote kikalowa, na sidhani kama alitambua.

"Ndani ya sufuria," akasema.

"Ndani ya sufuria, Tantine."

"Basi na yeye alipata pa kukimbilia." Akajifuta uso. Halafu akashika fundo kiunoni kwangu, akalijaribu kama bado linashika. "Rudia. Umuangalie vizuri, utanielezea. Lakini nikikuvuta, unijibu."

Nilirudia. Papa wa kaptura alibaki amekaa nyuma ya Tantine akishika mukia wa kamba, kama musaidizi. Safari hii nilijibu kila mara, mpaka nilianza kujibu bila kuulizwa. Niko mbele ya sufuria, ninavuta: Tantine, anatoka. Ninavuta: Tantine, anakula kitu. Juu wananiambia alikuwa anageukia watu na kuwaeleza, ametoka sasa, anakula, sawa vile anasoma gazeti.

Siku ya kuondoka mama wa mapokezi alimujazia Tantine kikapu cha sambaza wakavu, maana hata kwao kikapu hakirudi kitupu. Habari ya kuku hatukuuliza. Papa wa kaptura alituongoza mpaka kwenye mutumbwi, akasema figo zimetulia.

Nyumbani kikao kilikuwa kinatungojea jikoni, na Papa wa mbuzi naye amealikwa. Mama hakusalimia. Alikuja moja kwa moja, akashika nywele zangu, akazinusa. Nywele haziwezi kudanganya.

"Aliingia mu maji."

"Aliingia," Tantine akasema, anatua mizigo polepole. "Mara mbili. Ulisema nimurudishe mukavu. Mushike. Si iko mukavu?"

Mama alinishika. Nilikuwa mukavu. Baba alitoka inje kidogo, na tukasikia anacheka huko nyuma ya ukuta peke yake.

Kisha wakaniuliza, haya, elezea basi, chini kuko nini. Nilifungua mudomo. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Minova. Lakini Tantine alikuwa ameshaanza. Tulishuka polepole, akasema. Kwanza ni kelele, sawa ng'ombe anakunywa. Halafu tukaona mawe, na juu ya mawe mwanga unatembea. Alieleza sambaza, akageuza kiganja kuonyesha wanavyogeuka wote mara moja. Alieleza sufuria na mukono wake uliopinda. Alieleza vizuri kuliko mimi, na hakukosea hata kitu kimoja, na mimi nilikaa karibu ya moto, ninasikiliza kama muntu ambaye hakuwahi kufika.

Alipomaliza, Papa wa mbuzi alitikisa kichwa. Alisema ni habari nzuri, hakatai, lakini mbuzi wake ameisha kuzaa mapacha, na kwa huruma yuko tayari kumupa Tantine mumoja, ili safari ile isiwe hasara. Ila na yeye mwaka kesho apelekwe kisiwani.

Tantine alikuwa anaikunja kamba yake, anaangalia pale ilipounganishwa kama hapakulegea.

"Asante, Papa," akasema. "Mbuzi nikimuvuta, anavuta kwake. Huyu mutoto nikimuvuta, ananijibu."